Kadi Chini ya Picha

Bi Siwema aliingia uani kwa Bi Swaumu bila kusubiri kuitikiwa hodi, na nyuma yake wanawake wawili watu wazima, wote wamejitanda khanga mpya juu ya madira. Bi Swaumu aliwatandikia mkeka. Akamwita mjukuu wake Anifa alete maji ya kunywa, maji yakaja katika jagi, bilauri zikapangwa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu ametoka Buguruni na jua lile la saa saba, jasho linamwingia machoni, halafu maji baridi anayatazama tu! Bi Swaumu akajua kwamba hawa hawakuja kumjulia hali.

"Anifa, nenda dukani kwa baba yako," alisema.

"Bibi, nimetoka huko sasa hivi."

"Rudi tena."

Nyumba yenyewe ni ya chini, miongoni mwa chache zilizobaki pale Mtaa wa Likoma. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na viyoyozi vya ghorofa hizo hudondosha maji juu ya bati la jiko kuanzia asubuhi hadi jioni, utadhani mvua haikatiki. Chumba cha mbele wamepangishwa wauza mabegi. Katika nyumba hiyo ndimo Bi Swaumu alimokuwa akiishi na mwanawe Sitara, mkwewe Mudi na Anifa, na kutoka uwa ule alikuwa amewacheza ngoma na kuwatoa wali, mabinti waliovunja ungo, wa Kariakoo nzima, maana yeye ni kungwi, na mama yake alikuwa kungwi.

Bi Siwema alitoa simu mkobani. "Soma," alisema.

"Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

"Basi nitakusomea."

Akasoma, tena kwa sauti ya chini kama anayesoma dua. Aliyoyasoma mimi sitayaandika hapa. Nimeyasikia, kama walivyoyasikia wengi mjini wiki ile, lakini aliyeyatoa mara ya kwanza anatosha. Yalikuwa mambo ya ndani, mambo anayoambiwa mwali mlango ukiwa umefungwa, yameelezwa kwa Kiswahili safi kabisa na chini yake yametafsiriwa kwa Kiingereza. Mwisho paliandikwa: Maelezo ya Bi Swaumu binti Mrisho, kungwi, Kariakoo, Dar es Salaam.

"Jina ni lako?" aliuliza Bi Siwema.

"Langu."

"Mrisho si baba yako?"

"Ni baba yangu. Hicho kitu kimeandikwa wapi?"

"Makumbusho, anapofanya kazi mwanao. Wametundika picha za kale ukuta mzima, zilizochorwa na Wajerumani. Moja ni ya wanawake walio uani na mwali wao. Hiyo niliyokusomea ni kadi iliyo chini yake. Wanasoma wanaume, Swaumu. Watoto wa shule wanapelekwa kwa mabasi wanasoma. Mpwa wangu alikwenda na wenzake wa chuo, akaipiga picha, akatuma kwenye grupu la harusi. Kutoka hapo, unafikiri itasimama wapi?"

Bi Swaumu alimimina maji katika bilauri moja, akamsogezea.

"Tumekaa makungwi wote, tumeona mambo ni mawili," aliendelea Bi Siwema. "Ama umesema wewe, au amesema Sitara. Kama ni wewe, adhabu unaijua, maana wengine umewapa kwa mkono wako. Kama ni Sitara, tunamtoa kwetu, na mtoto wake hachezwi. Hakuna kungwi atakayemgusa Anifa, si hapa, si Buguruni, si Mbagala. Tunataka jibu Ijumaa."

"Siwema, Anifa ana kosa gani?"

"Mimi sijasema ana kosa."

Wakaondoka. Bi Swaumu alibaki ameshika bilauri iliyojaa. Anifa alikuwa amekua mwaka huo, na ngoma yake ilipangwa likizo ya Desemba. Kwa desturi yao mama hamchezi mwanawe, kwa hiyo Sitara alichezwa na wengine, Bi Swaumu akasubiri. Wali wa watu amewatoa hata hesabu hana, akawa anasubiri wa kwake. Na sasa amefika, haya yanamkuta.

* * *

Sitara alirudi jioni, miguu imemvimba, kandambili mkononi badala ya miguuni. Kazi yake ilikuwa katika stoo ya karatasi: michoro ya penseli, picha za chapa, picha za rangi za maji, zote zimelala kwenye droo pana, na yeye ndiye anayezitoa na kuzirudisha kwa mikono yenye glovu.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja.

"Umeniandika wapi, Sitara?"

Na hapo, masikini, Sitara akatabasamu. "Nani amekwambia? Aa, wameniharibia! Mimi nilitaka nikupeleke Jumamosi, nikufanyie sapraizi. Umeona jina lako lilivyokaa zuri? Na jina la babu."

Bi Swaumu alimtazama mwanawe mpaka lile tabasamu likaisha lenyewe. Kisha akamweleza nani alikuja, walisema nini, na kwamba maji hawakunywa. Sitara alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Lakini nilisema juujuu tu, mama."

"Juujuu gani? Mbona uliyoyasema ndiyo ya ndani kabisa?"

"Bosi alituambia tuwataje waliotupa maelezo. Zamani lilikuwa linaandikwa jina la Mzungu peke yake, mchoraji. Watu wetu wapo kwenye picha lakini hawana majina, wamekuwa kama minazi. Nikasema safari hii na jina la mama yangu liwepo pale ukutani. Ndio kosa langu hilo."

"Mimi nilikwambia lini mambo hayo?"

"Hukuniambia. Aliniambia marehemu somo yangu, aliyenicheza. Lakini kungwi ni wewe, mama, wewe ndiye unayejulikana. Ningemwandika nani?"

Nenda kalaumu mtu wa namna hiyo. Huko kazini kwao kumtaja mtu ni kumpa heshima yake, na Sitara aliifanya kazi kama alivyofundishwa. Ila huku uani, kumtaja kungwi kwamba amesema ni sawa na kumvua nguo sokoni. Alikuwa anaishi pande zote mbili, na alipoandika ile kadi alisahau yuko upande upi.

Mudi alipofika hakuingia. Alisimama kwenye korido akamwita mkewe kwa ishara.

"Wauza mabegi wanayo kwenye simu," alinong'ona. "Wamenisomea mbele za wateja, wanacheka. Eti, 'Shemeji, kumbe kwenu ndio chuo kikuu.' Sasa mimi mama nitamtazamaje?"

"Usingesikiliza."

"Ningeziba masikio? Wananisomea jina la mama mkwe wangu, Sitara!"

Usiku ule alikula chipsi barabarani. Na siku zilizofuata alikuwa anatoka kabla Bi Swaumu hajatandika mswala, anarudi watu wameshalala, na akikutana naye mlangoni anaamkia huku anatazama mlingoti wa umeme. Bi Swaumu aliliona hilo, na lilimuuma kuliko ujio wa Bi Siwema.

* * *

Zakayo, mkuu wa idara ya Sitara, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ripoti mezani na mgeni wa ubalozini anakuja mchana.

"Dada Sitara, hiyo ndiyo kadi bora kuliko zote ukumbini. Wafadhili wameipiga picha. Wanasema hatimaye jamii inajisemea yenyewe."

"Naomba iondolewe, bosi."

"Nani analalamika? Aje aandike barua, tutaijibu."

"Hawa hawaandiki barua."

Zakayo alivua miwani akafikicha macho. "Nifute jina la mama? Hilo naweza kulifanya leo leo."

"Siyo jina tu. Yote."

"Nikitoa yote nabaki na nini? 'Wanawake, uani.' Alivyoandika Mjerumani kwa penseli miaka mia iliyopita. Ndio huko tunarudi?"

"Ndiyo, bosi. Turudi huko."

"Vumilia mwezi huu uishe. Picha zenyewe zinashushwa, unajua mwenyewe haziwezi kukaa sana kwenye mwanga. Zikishuka, kadi inashuka nayo." Akavaa miwani. "Umetuweka kwenye ramani, dada. Usijitie huzuni."

Sitara alipomsimulia mama yake, Bi Swaumu alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Nipeleke nikaione," alisema.

"Kuna nini cha kuona, mama?"

"Nimehukumiwa kwa picha. Angalau niitie machoni."

* * *

Walikwenda Alhamisi. Walipita Mnazi Mmoja polepole, kwa sababu ya magoti ya Bi Swaumu, wakapumzika mara kwa mara, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma.

Ukumbi wa picha ulikuwa na mwanga hafifu. "Mmekatiwa umeme?" aliuliza Bi Swaumu, na Sitara akamweleza kwamba mwanga unakula rangi, picha za maji zikimulikwa sana hufifia zikabaki karatasi tupu, ndiyo maana zikionyeshwa kidogo hurudishwa gizani zikapumzike.

"Basi hii yangu mngeiacha huko huko ilale."

Walipita bandari, ngome, mpagazi na mzigo wake, akida amekaa kitini. Ya wanawake ilikuwa mwisho, ndogo, haizidi sinia la wali. Vijana watatu wa kiume walikuwa wameinama mbele yake, wanasoma kadi na kusukumana mabega. Mmoja alimwona mzee amesimama na buibui lake, akampisha kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Eti hawa makungwi bado wapo?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu," alisema Bi Swaumu.

Sitara alitamani sakafu ipasuke. Vijana wakaondoka. Bi Swaumu akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akatulia. Uwa wa makuti; wanawake kama sita; mwali amekaa katikati, amefunikwa nguo tangu kichwani hadi vifundoni; mbele yake vitu vimepangwa chini; kando mwanamke amebana ngoma kwapani; na pembeni kabisa mmoja ameshika upande wa nguo mdomoni. Bi Swaumu alitazama, akatazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Sitara alidhani analia, akamshika mkono.

Alikuwa anacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti.

"Mtazame mwali miguu," alisema.

Sitara aliinama. Mchoraji alikuwa mtu makini, alichora alichokiona. Chini ya nguo ile zilichungulia nyayo mbili pana, visigino vimepasuka, vidole vimetanuka.

"Hiyo miguu ya kigori? Huyo ni bibi kizee, amezaa na kujukuu. Na vitu vile hapo mbele hakuna hata kimoja kilichokaa panapostahili. Na ngoma ile haishikwi vile. Na huyu wa pembeni, wewe unadhani anafanya nini na nguo mdomoni?"

"Niliandika anaona haya."

"Anajizuia asicheke! Wamemkalisha Mzungu wa watu juani, wamemchezea kichekesho, naye anachora kwa bidii zote. Ameondoka nacho mpaka kwao, wamekitunza mpaka leo. Hakuondoka na kitu, Sitara. Wale wanawake hawakumpa kitu."

Sitara alikuwa ameishika picha ile kwa miaka. Visigino aliviona, vitu aliviona. "Niliona haviko sawa," alisema. "Nilidhani mchoraji amekosea. Kwa hiyo kwenye kadi nikamsahihisha."

Bi Swaumu akaacha kucheka.

"Basi kilichomshinda yeye umemmalizia wewe."

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa la ukali Sitara angejitetea. Hili lilimwingia tu likakaa. Alilia pale pale, amegeukia ukuta ili mlinzi asimwone, na alilia kwa aibu zaidi mbele ya wale wanawake sita kuliko mbele ya mama yake.

"Nitaandika upya," alisema baadaye, wakiwa wameketi kwenye benchi nje. "Nitasema picha ni ya uongo, kila kitu kimegeuzwa."

"Ukisema ya uongo, watakuuliza ya kweli ikoje."

Kweli. Hakukuwa na cha kuandika.

"Basi kesho nitawaambia makungwi ni mimi. Wanitoe. Siku hizi wangapi hawachezwi, mama, na wanaishi? Anifa atasoma, ataolewa, dunia imebadilika."

"Mimba yako ya kwanza ilipoharibika, nani walikuja kukukanda? Baba yako alipofariki, nani walijaa uani wakapika mpaka arobaini? Mudi alipokuwa amehama nyumba, nani walikwenda kumwita? Dunia ilikuja?"

Sitara alijifuta uso kwa kiganja.

"Wewe umeshapata wa kwako," alisema Bi Swaumu. "Anifa hajapata." Akajikongoja akainuka. "Twende, magoti yakipoa sitaweza."

* * *

Ijumaa walikuja baada ya swala. Bi Siwema hakuzunguka.

"Haya, Swaumu. Nani?"

"Mimi."

Sitara, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, alifungua mdomo. Mama yake hata hakugeuza kichwa. "Wewe nyamaza," alisema. "Umeshasema ya kutosha."

Bi Siwema alimtazama mwenzake kwa muda mrefu. Walichezwa pamoja wakiwa wadogo, wakazaa wakati mmoja, wakafiwa na waume wakati mmoja. "Nakujua, Swaumu. Hukusema wewe."

"Umeuliza, nimejibu."

"Unajua kinachofuata."

"Najua. Sikanyagi tena ndani. Simkanyi mwali, sishiki ngoma, nikialikwa nakaa na wageni. Ila Anifa umcheze wewe mwenyewe, Siwema. Usimpe mtu."

"Nitamcheza mimi."

"Na usimharakishe. Ni mtoto mzito wa kusema lakini anashika."

Wenzake Siwema wawili walitazama mkeka. Bi Siwema aliinuka, akakaza khanga yake, akasema Desemba siyo mbali, na wakatoka. Sitara alipiga magoti mbele ya mama yake akataka kumshika miguu, lakini Bi Swaumu akaivuta. Hakuwa na hasira, alikuwa hana nguvu za kuombwa radhi.

* * *

Kadi iliondolewa mwisho wa mwezi, picha zikashushwa, na Sitara mwenyewe ndiye aliyeirudisha ile ya wanawake kwenye droo. Zakayo alimpa cheti cha pongezi. Wauza mabegi walipata jambo jingine la kuchekea. Mudi alianza tena kula nyumbani, ingawa bado alitazama sahani tu.

Desemba, uwa wa Bi Siwema kule Buguruni ulijaa. Mbele ya nyumba palifungwa turubai na viti vya plastiki, na hapo ndipo Bi Swaumu alipokaa, kati ya mashangazi wa upande wa Mudi na jirani mmoja aliyemuuliza mara mbili kwa nini yuko nje. "Miguu," alijibu. Mlango wa ndani ulifungwa, Sitara akiwa ndani na wenzake, na ngoma ikaanza. Bi Swaumu hakuhitaji kuambiwa kitu. Kwa mlio tu alijua wamefika wapi, sasa wanaimba nini, sasa Anifa amekalishwa vipi. Kidole chake kilianza kugonga paja, akakishika kwa mkono wa pili. Mahali fulani ngoma ilikwenda mbio kuliko ilivyostahili, akainuka nusu, kisha akakaa. Wakaleta soda. Akanywa soda pamoja na wageni.

Anifa alirudi nyumbani baada ya kutolewa, amepakwa liwa, amevishwa doti mpya, anatembea kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Watu walipopungua alikuja kukaa mkekani kwa bibi yake, karibu na jiko, Sitara akiwa anaosha masufuria kando yao. Tangu azaliwe mtoto yule hakuwahi kumficha bibi yake kitu, hata darasani akichapwa alianza kumwambia yeye.

Bi Swaumu alijizuia kadiri alivyoweza. Lakini ile sehemu iliyokwenda mbio ilikuwa imemkaa kifuani siku nzima.

"Haya, mwali wangu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Bi Siwema alikufundisha nini pale ngoma ilipokwenda haraka?"

Anifa aliinamisha macho.

"Bibi, nimeambiwa nisiseme kwa mtu ambaye hakuwemo."

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka. Sitara akayafunga.

"Hata kwangu?"

"Bi Siwema alisema nitaulizwa na watu ninaowapenda." Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti haikuyumba. "Hata kwako, bibi."

Wasichana wa Kariakoo nzima Bi Swaumu aliwafundisha neno hilo, na akawajaribu mmoja mmoja, na wengi waliteleza. Huyu hakuteleza. Moyo wake ulijaa furaha, na furaha ile ilimkata kama kisu, na hakujua aishike wapi.

"Na nikilia?" aliuliza. "Bibi yako mzee nikikulilia?"

"Hata ukilia," alisema Anifa, na akamshika mkono, maana bibi yake alikuwa ameshaanza.